Usinawe, Tata

Yaya Mado, mukubwa wangu,

Nakusalimu toka Kolwezi, kwenye baridi ya asubuhi inayouma masikio mpaka saa tatu.

Juzi pale Dilala nilienda kumupiga foto Tata Mwilambwe, muzee anayefua masahani ya shaba kwa nyundo aliyoachiwa na baba yake. Filme ya foto kumi na mbili ilibaki na moja tu. Kuona mashini ya foto, akaweka nyundo chini.

"Ngoja ninawe, nivae abakosti, suti yangu ya sikukuu. Foto si kitu ya kupigwa na makala usoni!"

Yaya, maneno yangu kabisa! Tata yetu muzazi alipotoka kwenye moto wa uhunzi kuniomba foto, nilimwambia akanawe kwanza. Hakurudi tena, alifia palepale kwenye maji. Miaka kumi na tisa nimepiga foto mji muzima, ya tata hakuna hata moja, na kila kilio munanitupia hiyo maneno, kama vile mi siumii.

"Usinawe, Tata," nikamusihi.

Akacheka: "Basi batu bakiuliza, utasema ujinga ni wako!"

Foto iko nyuma ya karata hii ya posta. Unikumbatilie batoto bote sita. Mama muonyeshe, macho yake yamepungua. Akisema ni tata, usimukatalie.

Mudogo wako,
Kalenga