Mabati Sita ya Robi

Rodi Kopany, 9 Februari 2024

Kwa mkwe wangu Robi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Wewe na Marion mko aje huko Uriri?

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu anaishika shemeji yako Maxwell, na haya si ya macho yake. Jumanne upepo uling'oa nusu ya paa la nyumba yako. Kitanda cha marehemu mumeo Paul nimekifunika na turubai. Mvua ikija, kuta za udongo zitaanguka, na mjane ambaye nyumba yake imeanguka hana boma. Wazee wamesema kiwanja kitakuwa cha Maxwell.

Unajua desturi yetu: hakuna mtu atapanda juu ya nyumba ya mjane kabla shemeji hajamchukua kuwa mke wake. Maxwell ni mtoto wa mke mwenzangu, si mgeni. Mwaka wa kuomboleza umeisha, Robi. Rudi, ukubali, yaishe.

Mama Paul

Uriri, 14 Februari

Mama mpendwa,

Pokea salamu. Sisi wazima, Marion ameng'oka jino. Pole kwa magoti, nakutumia dawa ya kuchua.

Maxwell simtaki. Nasema wazi ili usingoje. Ana wake wawili, na kaburi la ndugu yake hajawahi kulipalilia hata siku moja. Cherehani yangu inatulisha hapa, lakini kwetu ni hapo kwa Paul, na Marion lazima awe na pa kumlilia baba yake. Mimi ni Mkuria. Kwetu nilikozaliwa, nyumba ikivuja tunaziba. Jumamosi fundi Mokua atakuja na mabati sita. Mpe uji tu.

Mkwe wako, Robi

Rodi Kopany, 19 Februari

Robi,

Leo sikusalimii. Umetuma fundi katika boma langu bila kuniuliza! Hata uji hajamaliza, Maxwell akamfukuza na panga. Majirani walitoka wote kutazama. Wanasema nimezeeka mpaka nashindwa na msichana. Nimeaibika, wacha tu.

Mabati yako yamelala kwenye nyasi. Wazee wamekupa mpaka mvua ya kwanza. Hata mimi baba Paul alipokufa nilichukuliwa, na sikufa.

Mama Paul

Uriri, 25 Februari

Mama,

Mimi nakusalimu hata kama hunisalimii. Nisamehe kwa Mokua. Nilipaswa kukuuliza kwanza.

Lakini Paul aliniambia mengine. Wakati huo alikuwa na miaka tisa. Alisema yule mzee aliyekuchukua alipoingia, wewe ulihamia jikoni ukakaa huko mpaka mavuno, na kanisani hukuimba tena. Je, ungekuwa na njia nyingine, Mama, ungekubali? Ukiniambia tena nirudi kwa Maxwell, nitakuja kuchukua picha ya Paul, na hutaniona tena.

Robi

Uriri, 11 Machi

Mama,

U mzima kweli? Hujajibu. Huku mvua imeanza. Naogopa. Marion anamuulizia nyanya yake kila siku. Tafadhali, hata mstari mmoja.

Robi

Rodi Kopany, 16 Machi

Robi mwanangu,

Salamu sana, wewe na Marion. Mwandiko usikushtue, naandika na mkono wa kushoto.

Barua yako nililia nayo siku tatu, halafu nikakasirika wiki nzima. Jumatano wingu likatoka upande wa ziwa, jeusi. Nikaita vijana wa jirani, wote wakakataa. Basi nikaegemeza ngazi. Kwetu mwanamke hapandi paa, na mjane mzee ndiyo kabisa. Maxwell akapiga kelele kwamba naleta laana, lakini hakuthubutu kugusa ngazi nikiwa juu. Nikamwambia laana nimekaa nayo tangu siku ile nilipochukuliwa, leo acha nifanye nayo kazi.

Niligonga misumari nikiimba, Robi. Nimegonga vibaya, utacheka. Nilipomaliza bati la tano nikateleza, mkono ukavunjika. Umefungwa plasta. Lakini imenyesha siku tatu na kitanda cha Paul ni kikavu.

Wazee wamechanganyikiwa. Hakuna anayejua sheria ya nyumba iliyoezekwa na mama mkwe. Watakutana Jumapili ijayo. Usiwangoje. Njoo na Marion, na ulete misumari. Bati moja limebaki, juu ya mlango. Wewe utapanda, mimi nitashika ngazi na huu mkono mzima.

Mama yako