Bi Mwajabu: Mwaka Mzima Nyumba Haina Utani

Mwaka umetimia, mama, tangu ulipotuacha, na bado tunakupikia. Baba akipakua anakutengea sahani, akikumbuka anairudisha kabatini. Kwenye friza kuna kopo la kisamvu lenye utepe na mwandiko wako, jina na tarehe, kama ulivyozoea kuandika vichupa vya maabara. Hakuna anayethubutu kulipasha wala kulitupa.

Miaka ishirini na miwili uliamka alfajiri kwenda maabara Mikocheni, na ukirudi unanawa mpaka viwiko ndipo tukuamkie. Uliwasomesha watoto wa dada zako. Majirani uliwapima sukari bure, na ulikuwa mkali kwa yeyote aliyeacha dawa kabla ya kumaliza dozi.

Kazi yako ulitufundisha kwenye mkeka wa chakula. DNA ina chumba chake ndani ya seli, ulisema. Ikionekana imezagaa ukumbini, kuna mlinzi anayeishtukia, anapiga kengele, na kinga ya mwili inakuja mbio. Saratani huvujisha DNA, kwa hiyo ingefaa inaswe mapema. Lakini kuna saratani zinazoizima kengele. Nyingine huiacha ilie kutwa mpaka mwili unaizoea, na kelele hizo hizo zinaisaidia saratani kusambaa. Tulitikisa vichwa, tukakuomba chumvi.

Wewe Mzaramo uliolewa na Mnyamwezi, mtani wako wa jadi, na nyumba yetu iliishi kwa utani. Ndiyo maana hata siku ulipotuambia, ulituambia kwa utani.

"Jamani, mie nina uvimbe hapa titini," ulisema katikati ya chakula. "Nyie Wanyamwezi anzeni kuchanga sanda."

"Kufa tu, shemu," baba mdogo Abdulrahman akakujibu, mdomo umejaa. "Sie ubwabwa wa msiba tunautaka!"

Tulicheka mpaka machozi. Wewe ulicheka kuliko sote, kisha ukatutazama mmoja mmoja. Mimi Shamimu, ninayeandika haya, niliona kwamba unasubiri. Nikakuongezea mchuzi. Miezi mitano ikapita kabla hujapimwa.

Mionzi ilipoanza ulirudi umechoka, ngozi imebabuka, na bado unafundisha. Mionzi inaikatakata DNA ya saratani, ulisema, vipande vinamwagika ukumbini, huenda mlinzi akaamka. Ulituambia zipo dawa za kumwamsha zinazojaribiwa, ila nyingi bado hazijatimiza matumaini, ukatukataza kumdanganya baba. Kila ukitoka hospitali uliweka kiganja kifuani, ukatulia kama mtu aliyesikia hodi. Hatukukuuliza unasikia nini. Tuliogopa.

Siku ya mazishi baba mdogo alitimiza wajibu wa mtani. Alijifunga kanga yako, akavaa na koti lako la maabara, akaigiza mwendo wako, watu wakaangua kicheko kama inavyotakiwa. Kisha akafungua mdomo, na sauti ikawa yako kabisa: "Jamani, mie nina uvimbe." Hakupanga kusema vile, ameapa. Aliivua kanga pale pale uani, na tangu siku hiyo hajamtania mtu. Nasi tukikaa kula tunaisikia sauti ile, mama, na kila mmoja anajifanya hajasikia.

Wiki iliyopita Farida, kitindamimba wako, alikuwa anamenya chungwa. "Na mie nimerithi mali ya mama," akasema akicheka, akajigusa pembeni ya titi.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alisimama, akamshika mkono.

"Vaa viatu."

"Ba'mdogo, mie natania tu!"

"Vaa viatu, Farida."

Walikwenda hospitali hivyo hivyo, Farida hata mikono hajanawa. Daktari alikikuta kivimbe kweli, akakichukulia kipimo.

Dua yako itasomwa nyumbani Mtoni, Jumapili baada ya sala ya adhuhuri. Unakumbukwa na mumeo Mfaume. Wanao Shamimu, Anwar na Farida. Shemeji yako Abdulrahman. Dada zako, wajukuu, majirani na wenzako wote wa maabara.

Hutoki mioyoni mwetu, mama. Majibu ya Farida yanatoka Jumatatu.