Mafuta ya Nazi kwenye Kitabu cha Babu

Baba Hafidha,

Samaki wa kupaka yumo chunguni, umuwahi kabla ya paka. Mimi niko darasa la jioni. Hafidha yuko kwa Mama Jaha, mchukue kabla ya magharibi.

Asubuhi Mzee Zein, muuza vitabu vikuukuu, alikuja kukithamini kile kitabu cha sheria cha marehemu babu yako. Nami jana, ili kipendeze, tukiuze tupate pesa za ile cherehani yangu, nililipaka jalada mafuta ya nazi mpaka likang'aa. Akakinusa. "Mwanangu, hiki kitabu au sambusa?"

Kisha akauliza yako wapi maandishi ya penseli ya babu pembeni mwa kurasa, maana hayo ndiyo aliyoyafuata. Mume wangu, nimeyafuta kwa raba! Nilidhani ni uchafu.

~~Usinitafute, nimekwenda kwetu Muyeye.~~ Nitarudi saa mbili.

Bahati nzuri Hafidha alinililia nilipofika ukurasa wa themanini, nikaiacha raba. Kuanzia hapo maandishi yote yapo, na Mzee Zein bado anakitaka. Atakuja kesho muongee. Basi ukinikasirikia, nikasirikie kurasa themanini tu.

Mama Hafidha