Mstari Kwenye Skrubu ya Hewa

Jumatatu, 2 Julai 1951

Plagi nimezisugua kwa brashi ya waya. Platini nimezipitisha msasa. Chujio la petroli nimelipuliza mpaka mashavu yakauma. Gari la Mzee Zefania tena. Likiwa mwendoni halina neno. Likisimama, mguu ukitoka kwenye petroli, linatetemeka lote, milango inagongana, kisha linazima. Linashuka hivyo kila asubuhi kutoka Mbaga, linasimama mbele ya duka la mzee hapa Same, na watu wanacheka.

Nilimalizia na skrubu ya hewa kwenye kabureta, ile ya kuongeza na kupunguza hewa ya injini. Polepole, huku nasikiliza. Injini ikatulia kabisa. Nikamwita Elisante, dereva wake, asikilize. Akasema asante kaka. Kaniletea ndizi kutoka kwao mlimani. Sizitaki ndizi zake. Nimezila.

Jumatano, 4 Julai

Limerudi. Kutetemeka kulekule. Elisante alisimama mlangoni pa gereji, mbele ya wateja wangu, akasema kwa sauti yake ya kwaya, "Bado, kaka."

Wateja wakanitazama.

Nimefungua kabureta yote na kuiosha. Nimekata pakiti mpya ya karatasi ngumu ya kuziba maungio. Nimepaka mafuta kwenye maungio nione kama kuna mahali panavuta hewa. Hapavuti. Nikagusa tena skrubu, injini ikatulia. Gari zima. Fundi mzima. Namchukia mtu huyu. Anavyopiga mluzi nyimbo za kanisani. Anavyopendwa na kina mama wa Mbaga, wanamwachia mizigo bila hata kuihesabu. Usukani ule ningeushika mimi, nisingekuwa naoga mafuta machafu kila jioni.

Ijumaa, 6 Julai

Bado. Mzee Zefania kaja mwenyewe. Shikamoo yangu hakuipokea. Amesema gari likishuka tena linatetemeka, kazi zake zote zinakwenda Moshi, na mimi nirudi kwetu Ndungu nikafukuze ndege kwenye mpunga.

Nimewaza kutwa. Skrubu haijizungushi. Kuna mkono. Kabla gari halijaondoka nikachora mstari mmoja kwa ncha ya msumari, kuanzia kichwa cha skrubu mpaka kwenye kabureta. Hauonekani mpaka uutafute.

Jumamosi, 7 Julai

Mstari umekatika. Skrubu imezungushwa robo nzima.

Nimefurahi sana. Sikumbuki lini nilifurahi hivi. Nikamwambia Elisante pole kaka, tutaangalia. Nikairudisha, mistari ikakutana, injini ikatulia. Naye akashukuru.

Jumatatu, 9 Julai

Robo ileile. Nikatuma mtu kumwita mzee.

Nilimwonyesha mstari. Nilimweleza kwamba dereva wake anaharibu gari makusudi, huenda ili apate kisingizio cha petroli inayopotea. Hiyo ya petroli niliitunga palepale. Elisante hakukana. Alisema ndiyo, anazungusha, kwa sababu akifika juu gari halitulii mpaka aizungushe. Mzee akanigeukia mimi. Nikasema, "Mzee, injini ni ileile. Injini haijui mlima wala bonde."

Ikawa imekwisha. Mzee alikuwa anatazama huku na huku, anatafuta kitu cha kushika. Nikampa mkanda wa feni uliochanika. Hakuwa ameniomba.

Elisante hakukimbia. Alijikinga uso tu. Abiria wa Mbaga walikuwa wameshapanda nyuma, wakaona yote. Nakunda, mkewe, alikuwa kati yao na tumbo lake la miezi mingi. Alitazama chini. Mimi sikutazama chini.

Alhamisi, 12 Julai

Mzee amewaambia wenye magari wote wa Same. Hakuna atakayempa Elisante usukani, hata wa mkokoteni. Nasikia ameandikishwa kibarua cha kupasua mawe ya barabara ya Serikali.

Gari nimepewa mimi. Nitalala juu Mbaga na kushuka asubuhi. Mpaka leo sijapanda mlima ule zaidi ya Mwembe. Sijali. Nimenunua kofia.

Jumatatu, 16 Julai

Nimefika juu na ukungu. Baridi inauma masikio. Nikasimama sokoni kushusha mizigo, nikatoa mguu kwenye petroli.

Likatetemeka. Milango ikagongana. Likazima.

Nikafungua plagi. Nyeusi, zina masizi. Nikazisafisha. Bado. Nikaangalia platini, waya, bomba la petroli. Bado. Nilianza kusikiliza kama kuna valvu iliyoungua, na kina mama wamekaa juu ya mikungu yao wananitazama. Mmoja akamwambia mwenzake jambo kwa Chasu, Kipare chetu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mstari wangu ulikuwa pale pale, umekutana sawasawa. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Nikachukua bisibisi. Nikazungusha kidogo. Kidogo tena. Ilipofika robo, injini ikatulia, ikawa laini kama ya gari jipya.

Huku juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi naivuta mara mbili. Injini nayo ilikuwa inakosa hewa, na Elisante alikuwa anaiongezea. Basi. Hilo tu. Akishuka Same hewa inakuwa imezidi, linatetemeka tena mlangoni kwa mzee, na mimi namrudishia. Yeye juu, mimi chini, kila siku.

Nikashusha mizigo.

Jumanne, 17 Julai

Nimesimama kwenye kona iliyo juu ya Mwembe, mahali pasipo na nyumba. Nikairudisha skrubu mpaka mistari ikakutana. Nimefika dukani limetulia. Mzee kanisifu mbele ya watu, kasema fundi ni huyu. Akauliza kama yule mshenzi amewahi kuja kuomba msamaha.

Ningeweza kusema. Neno moja tu. Nikimwambia, usukani unaondoka, na aibu ya ule mkanda inamrudia yeye, na ataitafutia mgongo mwingine. Nikasema hapana, Mzee, hajaja.

Jumamosi, 28 Julai

Nakunda amejifungua mtoto wa kiume. Abiria wamezungumza njia nzima. Wanafahamu naelewa Chasu. Waliongea hivyo hivyo.

Ijumaa, 3 Agosti

Kupanda. Nimesimama kwenye kona yangu, nikafungua boneti, nikatoa bisibisi. Sikujua kwamba vibarua wa barabara wamefika pale. Walikuwa wamekaa upande wa chini wa njia, wanapasua mawe. Elisante alikuwa wa mwisho. Kofia ya dereva bado anaivaa, imejaa vumbi jeupe.

Alinitazama nikiinama. Akaweka nyundo chini, akaja, akasimama kando ya boneti kama tulivyokuwa tukisimama gereji. Hakunisalimu. Akatazama mkono wangu.

"Unatia robo?" akauliza.

"Robo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akasikiliza kidogo, mpaka ilipotulia. Halafu akarudi kwenye mawe yake.

Nimefunga boneti. Gari halikuwa na sauti kabisa, nikasikia nyundo zote.