Mbwa wa Wani Amekanyaga Chini

Gurei, Juba

Keji, Bosi ametembea! Mbwa wa Wani ametembea kwa miguu yote minne, hachechemei hata kidogo, na aliyemtembeza ni dada yako!

Haya, sasa nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Hamjambo wote huko Koboko? Mama yetu anaendeleaje na kifua? Mimi nipo. Mwili mzima, moyo ndio bado. Ningepiga simu, lakini tangu tumzike mwanangu tukipigiana ni kulia tu mpaka salio linakwisha.

Siku ile gari lao la kutegua mabomu lilipopigwa risasi njia ya Yei, Wani alifia palepale, na Bosi akaruka nje, akakatika mshipa wa goti. Barabara zilifungwa, ninyi hamkufika. Na mimi niliyekuwa hapahapa wenzake wa kazini walinizuia: "Malesh, pole mama, jeneza halifunguliwi." Mwanangu aliyefundisha mbwa kunusa bomu chini ya udongo, wazungu wakimpigia makofi! Nikazika sanduku.

Wenzake wakaniletea Bosi kwa kuwa alikuwa akimtolea meno kila mtu isipokuwa mimi. Daktari wao wa wanyama, kijana Mkenya, akasema atampasua goti, lakini kwanza mapaja yapate nguvu: nimtembeze polepole asubuhi na jioni, nimsimamishe, nimkalishe. Mimi nikaona mgonjwa ni wa kulishwa. Nikampa asida na mchuzi wa mbuzi mpaka akang'aa. Daktari aliporudi akashika kiuno. "Mathe, hii ni mbwa ama ni nguruwe? Hiyo goti itabeba tumbo yote hii?" Upasuaji ukaahirishwa. Khalas, tukala mboga wote wawili, Bosi akinitazama kama mume aliyekosa nyama.

Alipopasuliwa ndipo kazi ilipoanza. Kitambaa cha maji baridi kwanza, uvimbe ushuke. Siku zikapita, kitambaa cha maji ya moto. Analala ubavu, nalikunja goti taratibu, nalinyoosha, nalikunja tena. Wakati wa kutembea nilimpitishia kitenge changu cha kanisani chini ya tumbo, nikamnyanyua nyuma ili asilemewe. Gurei nzima ilitoka kutazama. Shemeji Pitia, mdogo wa marehemu mume wangu, akacheka: "Mke ya kaka, watu iko na njaa, wewe iko nakanda mbwa?"

"Nakanda. Na wewe ukivunjika nitakukanda, ila wewe utauma."

Nikwambie, Keji. Mguu wa Wani sikuushika. Sikumwosha, sikumnyoosha vidole, sikumfumba macho. Hivyo goti la huyu mnyama lilipokuwa mikononi mwangu, nilikuwa sitaki mtu aniseme wala aniharakishe.

Mguu aliuning'iniza tu, hata jeraha lilipofunga. Wiki iliyopita kuku wa jirani akapita na vifaranga wake. Bosi akasahau ugonjwa, akafyatuka kwa miguu yote minne! Nikapiga vigelegele peke yangu uani. Daktari akaja, akabinya paja hili, akabinya lile, akasema, "Mathe, ungekuwa Nairobi ungefungua kliniki." Wasomee watu maneno hayo, usiyaruke! Kisha akaangalia chini. Amepona, akasema, kwa hiyo anarudi kazini, nchi nyingine. Anaondoka na ndege Jumatatu, wiki moja baada ya Pasaka.

Nikakaa chini.

Pitia, yule mwenye kucheka, akaja jioni na sauti ya chini. "Wewe wacha kukanda. Mguu naharibika kidogo tu. Nani atajua? Mbwa nabaki kwako."

Nimekaa na neno lake, sikufichi. Kisha nikaingia jikoni, nikatoka na maji ya moto, nikamkanda Bosi nikilia, nikamkanda vizuri kuliko siku zote. Mama Wani hafanyi kazi ya nusu. Na mabomu bado yamelala huko, watoto wa watu wanapita juu yake.

Basi karama ya Wani, chakula cha kumwombea na kumaliza matanga, tuliyoingoja mpaka barabara ifunguke, nimesema ifanywe kabla ya ndege hiyo. Nataka mumwone Bosi. Mmshike shingoni, pale Wani alipozoea kumshika. Akishaondoka, sina tena chochote chenye pumzi kilichokuwa na mwanangu ndani ya gari lile.

Piteni Nimule, mfuate msafara wa magari, msije peke yenu. Teremkeni Gumbo, Pitia atakuwa hapo kuwavusha daraja. Msalimie mama, mfunge kifua vizuri, aje. Msalimie mjomba wetu mkatekista, ndiye atakayeomba. Na yule binti wa fundi cherehani aliyechumbiwa na Wani, mwambie kwangu bado ni mkwe. Atalala kitandani kwangu, mimi nitalala chini.

Ni mimi dada yako mkubwa, Kiden, Mama Wani, ninayewangoja nyote, asibaki mtu, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.