Mchezo wa Desemba, Shangazi

Shangazi Zuhura,

Sijafika makaburini tangu kisomo cha arobaini yako. Usidhani nimekusahau. Niko Kicukiro sasa, na kutoka huku mpaka kwetu Nyamirambo si safari ya miguu tu siku hizi. Barabarani wameweka bariyeri, vizuizi vya askari, na kila bariyeri ina maswali yake. Kwa hiyo nakuandikia.

Duka nimelifunga. Najua ungeninunia kwa hilo siku nzima, kisha jioni ungeniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanaidi, kumetokea nini?" Basi nakueleza kilichotokea, tangu mwanzo, kama ulivyopenda kuelezwa.

Ulipotutoka, kiangazi kile, nilijitahidi kila kitu kiendelee ulivyokiacha. Asubuhi cherahani, na baada ya alasiri hadithi barazani. Wanawake waliendelea kuja na mishono yao, wanakaa kwenye mkeka, na mimi nasoma vile vitabu vyako vya mapenzi walivyokuletea madereva wa malori kutoka Mombasa, vyenye jalada la msichana anayetazama pembeni. Sina sauti yako. Wewe ulipofika penye busu ulikuwa unakohoa na kufungua ukurasa mwingine kwa sababu ya watoto, na watoto ndio waliokuwa wa kwanza kucheka. Mimi nikikohoa, nakohoa kweli.

Na watoto walibaki. Uliwaambia kwamba kitabu cha mapenzi unakifungua ukijua wataoana, na mchezo wa zamani unauanza ukijua kuna mtu atalia, kwa hiyo kila likizo walitaka vyote viwili. Kitabu cha kucheka, mchezo wa kulia. Fundi wetu Silasi alikuwa bado yupo, kwenye cherahani ya mlangoni, akitia vishikizo na kutusahihisha pale tulipokosea maneno ya mchezo. Unakumbuka ilivyokuwa kichekesho, mtu mpole kama yule kumchezesha askari. Mwanawe Kayitesi alikuwa akijificha nyuma ya kanga yangu jukwaani na kucheka mpaka mabega yanatikisika, kwa kuwa askari mkali ni baba yake.

Kisha mwezi wa kumi vita vikaanza kule mpakani upande wa Uganda. Malori ya Mombasa yakakatika. Kitabu cha mwisho nilikuwa nimekisoma nusu tu, humo mwenye duka la vitambaa bado hajamwambia yule binti anayempenda neno lolote, na wanawake wakawa wananiuliza itakuwaje, halafu wakaacha kuuliza, halafu wakaacha kuja. Mkeka nikaukunja.

Silasi walimchukua mchana. Watu wawili, kwa adabu kabisa. Walisema ni maswali machache tu na atarudi. Aliondoka na futi ya kupimia ikiwa shingoni, nikataka kumkimbilia nimvue, kisha nikaona aibu kukimbilia kitu kidogo hivyo. Hajarudi. Mkewe alizunguka kila mahali walikomwelekeza, na kila mahali wakamwelekeza pengine.

Watoto ndio waliosema mchezo wa Desemba usiachwe. Kayitesi ndiye aliyesema kwa nguvu kuliko wote. Nilidhani anataka kitu cha kumsahaulisha. Sasa nadhani alitaka kusimama mahali ambapo baba yake alikuwa akisimama. Tukachagua ule wako, uliojifunza shuleni Bujumbura ukiwa binti: mji umeshindwa vitani, mfua nguo amemficha mtoto wa mfalme pamoja na mtoto wake, na askari wa mshindi anaingia na mkuki, anauliza, "Yupi wako?" Mama anasema, "Wote wangu." Anaulizwa tena na tena, jibu ni hilo hilo, mpaka askari anateremsha mkuki na kwenda zake. Ulikuwa ukisema hakuna mchezo mwepesi kama huo kwa watoto, maana kuna jibu moja tu la kukariri.

Mama nilikuwa mimi, ila askari hatukuwa naye.

Ndipo akatokea yule bwana. Alikuwa amepanga chumba karibu na bomba la maji, hana mke, hana kazi tuliyoijua, viatu vyake vimepigwa rangi kila siku hata kwenye matope. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote. Alisimama pale barazani akaniambia, "Dada, mimi ni mpenzi mkubwa wa maigizo. Nimesikia mmepungukiwa na mtu."

Sikumwambia kwamba hatukupungukiwa, tulichukuliwa mtu wetu. Nilisema karibu.

Shangazi, alikuwa mzuri. Lazima nikwambie ukweli huo. Alipoingia na mkuki wa Silasi, ule ufito uliochongwa na kupakwa majivu, watoto walinyamaza bila kuambiwa. Hakupiga kelele hata kidogo. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akauliza taratibu, "Yupi wako?" nami nikasahau kwa muda kwamba zamu ya kusema ni yangu.

Halafu kwenye mazoezi akaanza kuongeza maneno. Sikushtuka, maana hata wewe ulituruhusu kuongeza. Uliwafundisha watoto kwamba mchezaji hamwachi mwenzake akining'inia, akiulizwa kitu kisichoandikwa ajibu chochote, alimradi ajibu haraka na kwa sauti. Basi walijibu. Aliuliza kila mmoja anatoka upande gani, nyumbani wanalala nani na nani, nani amekuja kuwatembelea. Walijibu haraka na kwa sauti, Shangazi, kama ulivyowafundisha, na walijivuna kwa hilo.

Siku moja nilikuwa nashona mapindo ya kanzu ya askari, nikamsikia anamuuliza Kayitesi, "Na wewe, baba yako ana ndugu?"

Akajibu, "Ndiyo afande. Baba mdogo iko Kampala."

Sindano iliniingia kidoleni. Yule bwana aliendelea na maneno ya mchezo kana kwamba hakusikia kitu. Wewe hukuishi kuuona mwezi wa kumi, kwa hiyo nikueleze: siku hizi kuwa na ndugu Uganda, walikotokea waasi, ni kitu ambacho watu wazima hawakisemi hata kwa majirani waliokula nao. Mtoto alikisema jukwaani, kwa sauti nzuri, huku amenyoosha mgongo.

Ungefanya nini? Nimejiuliza sana. Nilifikiri kuuvunja mchezo, nikaona nikiuvunja atajua nimejua. Nikawaambia watoto wafuate maneno ya mchezo tu, wasiongeze. Wakanitazama kama ninayewaharibia utamu. Nadhani Kayitesi alielewa siku ile, kwa jinsi alivyokwenda kukaa mbali na wenzake na kuanza kuchuna uzi kwenye gauni lake.

Mchezo tuliufanya mchana, uani nyuma ya duka, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mkewe Silasi alisimama karibu na mlango wa nyuma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoingia yule bwana.

"Yupi wako?"

"Wote wangu."

Akauliza tena, nikajibu tena. Kisha akamsogelea Kayitesi, akamwekea mkono kichwani kama mtu anayembariki, akageukia watu, si mimi, akasema, "Na huyu mwenye baba mdogo Kampala, huyu naye ni wako?"

Watu wengine walicheka kidogo. Walidhani ni utani wa mchezo. Wengine hawakucheka, na nikaona mama mmoja anamfunika mwanawe kwa kanga, kama mvua imeanza. Nilimvuta Kayitesi kwangu. Nikasema, "Wote wangu," na sauti iliyotoka haikuwa ya mfua nguo wa kwenye mchezo. Ilikuwa yangu.

Hapo ndipo alipotakiwa kuteremsha mkuki. Alisimama. Nilisubiri, watoto wakasubiri. Mkuki hakuuteremsha. Alitabasamu, akasema, "Haya. Tutaonana," akapita katikati ya watu na kutokea mlango wa mbele akiwa bado amevaa kanzu niliyomshonea. Wakampigia makofi, Shangazi. Walimpigia makofi kweli.

Kesho yake mchana mkewe Silasi alikuja dukani na Kayitesi na kifurushi kidogo. Hakukaa. Alisema, "Mwanaidi, mimi nakwenda kwetu, kusini. Peke yangu pengine nitapita. Nikiwa naye wataniuliza mengi, na yeye anajua kujibu." Akanikabidhi kifurushi. "Mutoto abaki na wewe. Umesema mbele ya watu wote kwamba iko ya kwako."

Nilitaka kumwambia kwamba lile lilikuwa neno la mchezo. Nilimshika mkono, naye akamfunga mtoto kitambaa kichwani vizuri, kwa namna yetu Waislamu, akaondoka bila kugeuka, kwa sababu mtoto alikuwa anamwangalia.

Siku ile ile nilitafuta mkokoteni, tukapakia cherahani yako na godoro, na jirani akabaki na ufunguo. Tulipopita karibu na bomba la maji yule bwana alikuwa mlangoni kwake akisafisha viatu. Alinyanyua uso. "Safari njema, dada," akasema. "Na binti yako." Hakuuliza tunakwenda wapi, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Hapa Kicukiro hatujulikani. Nimepanga chumba, nashona sare za shule na kurekebisha suruali. Mtoto anaitwa Zainabu sasa. Mwenye nyumba alipomuuliza jina, alijibu kabla yangu, akasema pia kwamba baba yake ni dereva, amekwenda Bukavu, na kwamba yeye hapendi mihogo. Mihogo ndiyo iliyonimaliza. Kayitesi anapenda mihogo kuliko chakula chochote. Amemjaza Zainabu wake kila kitu, mpaka anachopenda kula, na sasa mihogo haigusi hata tukiwa peke yetu.

Mchana, kazi ikipungua, ananiomba kile kitabu kilichoishia nusu. Nimekisoma mpaka pale malori yalipokatika, na kutoka hapo natunga mwenyewe. Nimewaoza wale wapenzi. Nimewapa duka la pili na watoto mapacha. Ananisikiliza, kisha ananiuliza kwa nini wale wawili walichelewa vile kuambiana. Namwambia vitabu vya mapenzi ndivyo vilivyo.

Jana, mlango umefungwa, tupo wawili tu, nilimwita kwa jina alilopewa na baba yake. Nilitaka kulisikia tu. Hakugeuka. Aliendelea kupanga vishikizo kwa rangi zake. Nikaita tena, polepole. Akasema, bila kuinua uso, "Mama, huyo unayemwita hayupo hapa."

Basi nakuaga, Shangazi yangu. Lala ulipolala, na Mola akupanulie nafasi uliyolazwa. Nakuahidi jambo moja. Yeye asipoweza kulibeba jina lake, nitalibeba mimi, hili na la baba yake, bila kuliandika popote zaidi ya hapa, na karatasi hii naichoma nikimaliza. Siku atakayolihitaji, anitafute. Nikiwa hai, nitampa.

Mwanao,
Mwanaidi