Zulia la Mlangoni

Uru, 11 Agosti 1996

Mwanangu Evelyn,

Marahaba. Tumeanza kuchuma kahawa, na ng'ombe amezaa ndama jike, kwa hiyo maziwa yapo mpaka tunawagawia majirani.

Lile zulia la Kiajemi uliloachiwa na mwajiri wako wa zamani alipohama Dar limefika salama. Umesema wanawake wa kijijini huko Uajemi walilifuma kwa mkono, nami nimeamini, maana kwenye ncha moja mafundo yamerundikana yakafanya kinundu. Nadhani mwenzangu aliyelifuma aliitwa na ng'ombe wake. Uliagiza nilitundike ukutani sebuleni, na kinundu nikifiche nyuma ya kabati ili wageni wasikione.

Sikulitundika, na usinikasirikie. Nimelitandika chumbani, toka kitanda cha baba yako hadi mlangoni.

Macho yake yamekwisha, mwanangu. Tangu Pasaka haoni hata moto. Alinikataza kukuandikia, akisema utaacha kazi uje. Usiache kazi. Asubuhi anaamka, anafuata zulia kwa miguu mitupu. Kidole chake kikigusa kile kinundu, anajua amefika mlangoni, anatoka kuota jua bila kushikwa mkono na mtu. Jana alitoka anapiga mluzi.

Umeuliza katika rangi zote baba yako atapenda ipi. Nilimsomea swali lako. Alicheka sana, akasema nikuandikie kwamba amependa kinundu.

Mama yako,
Mektrida